Mazao ya Kufunika Udongo na Hesabu za Kompyuta: Mambo ya Kufahamika Kabla ya Chama Kununua Mbegu

Mwanachama anayelima chini ya mteremko wa Sekenke, katika kata ya Shelui, hana misimu miwili ya mvua kama mkulima wa Bukoba au wa Moshi. Ana msimu mmoja tu, unaoanza aghalabu kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au mapema Mei. Na mkoa wa Singida kwa jumla hupata kati ya milimita 500 na 800 za mvua kwa mwaka. Katika muda huo mfupi anatazamiwa apate mtama na uwele wa chakula, alizeti na pamba ya kuuza, na baadaye choroko au dengu katika mbuga zinazoelekea Wembere. Kwa hiyo anapoambiwa atenge sehemu ya shamba, au nafasi iliyo kati ya mistari ya mtama, apande zao ambalo kazi yake ya kwanza ni kuufunika udongo, swali lake ni la haki: zao hilo litakunywa maji ya nani?

Swali hilo ni gumu kulijibu kwa majaribio ya shambani peke yake, kwa kuwa jaribio la msimu mmoja hueleza habari za mvua ya msimu mmoja. Mwaka ukiwa mwema, kila kitu hustawi na sifa hupewa mbegu. Mwaka ukiwa wa ukame, kila kitu hunyauka na lawama hupewa mbegu ile ile. Ili tabia ya zao la kufunika udongo ijulikane vema katika Shelui, ingefaa lipandwe katika mashamba yale yale kwa miaka ishirini au thelathini, jambo ambalo hakuna chama kinachoweza kulingoja. Ndiyo sababu wataalamu wa kilimo walitengeneza programu za kompyuta zinazoiga ukuaji wa mazao siku baada ya siku, zikitumia kumbukumbu za mvua ya miaka iliyokwisha kupita. Makala haya yanaeleza namna programu hizo zinavyofanya kazi, mambo zinayoweza kuiambia bodi ya chama, na mambo ambayo haziwezi kuyajua kamwe.

MAZAO YENYEWE

Mazao ya kufunika udongo si mageni katika Tanzania. Katika miaka ya 1980 Wabenediktini wa Peramiho, karibu na Songea, walieneza sana mbegu za marejea, mmea wa jamii ya mikunde ambao hukatwa na kufukiwa ardhini uwe mbolea. Katika Karatu na Arumeru, mradi wa kilimo hifadhi ulioanzishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2004 uliwahimiza wakulima kupanda fiwi, ambayo huko Kaskazini huitwa ngwara, pamoja na mahindi. Huko Bukoba watafiti walichunguza mikunde ya namna hiyo katika udongo uliochoka na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005. Mazao mengine yanayotajwa mara kwa mara ni mukuna, mbaazi, na kunde zinazotambaa.

Faida zake zinajulikana. Majani yake huvunja nguvu ya matone ya mvua, hupunguza maji yanayotiririka juu ya ardhi, huukinga udongo na jua kali, na huyabana magugu. Isitoshe, mikunde huongeza naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaokaa katika vifundo vya mizizi yake. Hesabu yake yaweza kufanywa na katibu yeyote. Tani moja ya majani makavu yenye naitrojeni asilimia 2.5 ina kilo 25 za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50, ambao naitrojeni yake ni asilimia 46, una kilo 23. Kwa hiyo tani moja ya majani hubeba zaidi kidogo ya kile kilichomo katika mfuko mmoja wa urea. Hata hivyo mambo mawili yasisahauliwe. Si naitrojeni yote ya majani hayo iliyotoka hewani, kwani sehemu yake mmea umeichota katika udongo ule ule. Wala si yote itakayolifikia zao linalofuata, kwa kuwa majani huoza kwa kipindi kirefu, na mengine huliwa na mifugo kabla hayajaoza.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la chama, si la mwanachama mmoja mmoja. Mbegu za fiwi au mukuna zikinunuliwa na chama na kugawanywa kwa mkopo, deni litakatwa katika malipo ya alizeti au pamba wakati wa mauzo. Ikiwa zao la kufunika udongo limenufaisha shamba, makato hayo hayataumiza. Ikiwa limeunyima mtama maji katika mwezi wa Februari, mwanachama atakuwa na chakula pungufu nyumbani, atauza kidogo, na deni litakuwa pale pale. Bodi inayoidhinisha ununuzi wa mbegu hizo inaamua juu ya akiba ya chakula ya kaya nyingi, hata kama katika kumbukumbu za mkutano imeandikwa kuwa ni pembejeo tu.

MODELI YA MAZAO NI KITU GANI

Modeli ya mazao ni mkusanyiko wa hesabu unaofuata maisha ya mmea tangu mbegu inapotiwa ardhini hadi mavuno. Haipigi ramli, wala haitabiri mvua ya mwaka ujao. Kazi yake yafanana na ya karani wa ghala anayeandika kila siku kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Tofauti ni kwamba ghala hapa ni udongo, na mali yake ni maji na naitrojeni.

Kila siku ya hesabu, programu husoma mambo manne ya hali ya hewa: mvua iliyonyesha, joto la juu kabisa, joto la chini kabisa, na nguvu ya jua. Kutokana na joto, huhesabu mmea umefikia hatua gani ya maisha yake, kwa kuwa mtama hauhesabu siku kama mwanadamu. Hukusanya joto, na ukikusanya kiasi chake hutoa masuke. Kutokana na nguvu ya jua na ukubwa wa majani, huhesabu uzito ambao mmea ungeweza kuongeza siku hiyo. Kisha hutazama udongoni: je, yapo maji na naitrojeni ya kutosha kwa ukuaji huo? Yasipotosha, ukuaji hupunguzwa kwa kadiri ya upungufu. Hesabu hiyo hurudiwa kesho na kesho kutwa, mpaka msimu unapokwisha.

Udongo wenyewe huhesabiwa kwa tabaka, kana kwamba ni mitungi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mtungi wa juu ukijaa, maji hushuka katika wa pili, na wa pili katika wa tatu. Yale yanayopita mtungi wa mwisho hayarudi tena kwa mmea. Mizizi hunywa katika mitungi iliyoifikia. Jua huukausha mtungi wa juu, na kwa sehemu ule unaofuata, lakini yale yaliyo chini sana hubaki humo hata wakati wa kiangazi, isipokuwa pawe na mizizi ya kuyanyonya.

Zao la kufunika udongo huingia katika hesabu hizi kama mmea wa pili. Lina majani yake yanayogombania jua na majani ya mtama, na mizizi yake inayogombania mitungi ile ile. Likisha kufa au kukatwa, uzito wake huhamishiwa katika daftari jingine, la mabaki yaliyolala juu ya ardhi, nayo huhesabiwa yamefunika sehemu gani ya shamba, yamezuia maji kiasi gani yasitiririke, na yanaoza kwa mwendo gani.

ASILI YA PROGRAMU HIZI

Wanachama wasidhani kwamba hesabu hizi ni za nchi za baridi, zilizoletwa Afrika juzi juzi. Ni kweli kwamba DSSAT, mojawapo ya programu mbili zinazotumiwa sana, ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1982 chini ya Chuo Kikuu cha Hawaii. Lakini ile ya pili, APSIM, ina sehemu ya mizizi yake Machakos, Kenya. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya na Australia walifanya kazi pamoja katika kituo cha Katumani, mahali penye mvua za kubahatisha. Waliichukua modeli ya mahindi iliyotengenezwa Marekani wakaona kwamba haikuyajua mashamba ya namna ile, yenye miche michache, mbolea haba na ukame wa ghafula. Wakairekebisha mpaka ikaweza kufuata mahindi ya Katumani. Swali lao lilikuwa la mkulima hasa: je, yafaa kutia mbolea mahali ambapo mvua huweza kukatika? Baadhi ya wataalamu hao waliporudi Queensland, Australia, walishiriki kuitengeneza APSIM tangu mwanzo wa miaka ya 1990.

Juu ya mazao ya kufunika udongo, kazi iliyo karibu zaidi na haja ya Shelui ilifanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2005. Huko wataalamu waliitumia APSIM kuiga mahindi yaliyopandwa baada ya mukuna, wakalinganisha na mbolea ya naitrojeni ya dukani, kisha wakapima hesabu za kompyuta kwa mavuno halisi ya mashamba ya majaribio. Malawi ina msimu mmoja wa mvua kama Singida, ila mvua yake ni nyingi kuliko ya Singida, na jambo hilo hubadili mengi.

Katika Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamezitumia programu zote mbili. Mwaka 2014 walichapisha kazi juu ya mtama katika sehemu kame za Tanzania ya Kati, wakitumia mbegu za Macia, Pato na Tegemeo. Kwa hiyo mtama unaolimwa nchini umekwisha kuingizwa katika hesabu hizo, nazo programu zina pia modeli za alizeti, pamba, uwele, kunde na mbaazi. APSIM ina fiwi na mukuna pia. Kwa utafiti na elimu hupatikana bila malipo. Kinachokosekana ni habari za shamba la Shelui lenyewe.

UDONGO WA JUU NA UDONGO WA CHINI

Anayeteremka kutoka Misigiri kuelekea Shelui, na kuendelea hadi ukingo wa Wembere, hupita juu ya udongo wa namna kadha wa kadha katika mwendo mfupi. Wasukuma wana majina yake: luseni ni mchanga wa sehemu za juu, itogolo ni ardhi yenye tabaka gumu lisilopitisha maji upesi, na mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi ulio bondeni. Mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha Amani, Tanga, alipoandika mwaka 1935 juu ya udongo wa Afrika Mashariki unaobadilika kwa mfuatano kutoka kilimani hadi bondeni, aliwapa wataalamu wa dunia nzima neno la kitaalamu ambalo bado wanalitumia. Wakulima walikuwa wanapanga mashamba yao kwa kufuata mabadiliko hayo tangu zamani.

Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama zao la kufunika udongo litafaa. Tuseme udongo wa kichanga wenye kina cha mita moja unaweza kuuwekea mmea akiba ya milimita 80 za maji, na udongo wa mbuga milimita 160. Ni viwango vya kawaida kwa udongo wa namna hizo. Mtama unaotoa masuke waweza kutumia milimita 5 kwa siku. Mvua ikikatika udongo ukiwa umejaa, akiba ya kichangani itautunza kwa siku 16, na ya mbugani kwa siku 32. Sasa iongezwe mikunde kati ya mistari, nayo itumie milimita 2 kwa siku. Kichangani akiba itakwisha katika siku 11, mbugani katika siku 23 hivi. Siku tano zilizopotea kichangani si jambo dogo, hasa zikiangukia wakati wa kutoa masuke.

Hesabu hiyo ni ya haraka, na modeli huifanya kwa uangalifu zaidi. Hukumbuka kwamba mmea hupunguza unywaji udongo unapoelekea kukauka, na kwamba kivuli cha mikunde huokoa sehemu ya maji ambayo jua lingeyachukua bure. Hukumbuka pia upande wa faida: mvua kubwa ikinyesha juu ya ardhi tupu, sehemu yake hutiririka hadi bondeni, ikinyesha juu ya matandazo, kiasi kikubwa zaidi huingia. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita 4,000 na zaidi kidogo, kwa hiyo milimita 10 zilizozuiwa zisitiririke ni lita 40,000 kwa ekari. Katika miaka fulani faida hii huishinda hasara ya unywaji, na katika miaka mingine hushindwa. Kujua ni miaka mingapi ya kila namna ndiyo kazi hasa ya kompyuta, kwani akili ya mtu hukumbuka zaidi mwaka wa njaa na mwaka wa neema, na kuisahau miaka ya kati.

Mbugani kuna jambo jingine. Maji yanayobaki chini baada ya mvua kwisha ndiyo yanayostawisha dengu na choroko. Mikunde iliyoachwa ikaendelea kukua mpaka Juni hunyonya maji hayo hayo. Huko zao la kufunika udongo linaweza kutonyang'anya mtama kitu chochote, bali likachukua fedha za dengu. Modeli itakayoulizwa juu ya mtama peke yake haitaonyesha hasara hiyo, na kwa sababu hiyo swali lazima liwe juu ya mwaka mzima wa shamba.

NG'OMBE HAWAMO NDANI YA KOMPYUTA

Mtu asiyeijua Singida akikaa mbele ya programu hizi ataacha mabaki yote ya mazao yalale shambani kuanzia Mei hadi Novemba, na majibu atakayopata yatakuwa mazuri mno. Kila mwanachama anafahamu kwamba baada ya mavuno mashamba huingiliwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kwamba majani mabichi ya fiwi katika kiangazi ni kama karamu iliyotengwa barabarani. Kwa upande wa pamba, kanuni zenyewe hudai miti ing'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Hivyo matandazo ya pamba hayapo.

Programu hairuhusu ng'ombe waingie wenyewe, ila humruhusu mtaalamu kuandika ni sehemu gani ya mabaki iliyoondolewa. Yafaa chama kidai hesabu ifanywe mara tatu: mabaki yote yakiwa yamesalia, yakiwa yamesalia robo, na yakiwa yamekwisha kabisa. Ikiwa faida ya zao huonekana katika hesabu ya kwanza tu, basi jambo linalohitajika kwanza ni mapatano ya malisho baina ya wanachama, wafugaji na serikali ya kijiji, na mbegu zingojee. Huenda pia hesabu ikaonyesha kwamba kazi bora ya fiwi katika Shelui ni kulisha mifugo wakati wa kiangazi na kuirudisha samadi shambani. Hilo si kushindwa. Ni matumizi mengine ya mmea ule ule. Punje zake nazo huliwa na huuzwa, na Kenya, zinakoitwa njahi, zina soko.

Vivyo hivyo hesabu za kawaida haziwajui kwelea kwelea wanaoshukia mtama, viwavijeshi, kiduha kinachonyonya mizizi, wala upungufu wa watu wa kupalilia. Kupanda mikunde kati ya mistari ya mtama huongeza kazi katika juma ambalo kazi tayari ni nyingi kupita kiasi, na mara nyingi mzigo huo huwaangukia akina mama. Hakuna tarakimu ya jambo hilo katika kompyuta. Lisemwe katika mkutano mkuu.

NAMNA YA KUSOMA MAJIBU

Mtaalamu atakapoleta majibu, jambo la kwanza ambalo katibu anapaswa kulikataa ni wastani uliosimama peke yake. Chukua mfano huu wa kufundishia tu. Shamba la kwanza limetoa magunia 6 kila mwaka kwa miaka mitano. Shamba la pili limetoa magunia 10, 9, 8, 5 na 1. Wastani wa shamba la pili ni magunia 6.6, nao ni mkubwa kuliko wa lile la kwanza. Lakini mwenye shamba hilo, mwaka wa gunia moja, atauza mbuzi ili anunue chakula. Kwa mkulima wa mvua moja, mwaka mbaya ndio wa kuulizwa kwanza.

Kwa hiyo majibu ya miaka thelathini yapangwe kuanzia mwaka mbaya kabisa hadi mwema kabisa, shamba lenye zao la kufunika udongo upande mmoja na lisilo nalo upande wa pili. Bodi itazame ile miaka sita ya mwisho kwa ubaya, yaani mmoja katika kila mitano, na kuuliza: katika miaka hiyo, zao limesaidia au limedhuru? Kisha itazame ni miaka mingapi kati ya thelathini ambayo mwanachama angeweza kulipa mkopo wa mbegu. Maswali hayo mawili yanatosha kwa mkutano wa kwanza.

Pasipo miaka mingi, hata mipango mikubwa huanguka. Mpango wa karanga wa Waingereza uliopelekwa Kongwa mwaka 1947 ulikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nao ulitegemea uchunguzi wa majuma machache uliofanywa mwaka 1946, bila kumbukumbu za kutosha za mvua wala ujuzi wa udongo unaogeuka kuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 uliachwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya paundi milioni 36 hivi.

Jambo la pili la kudaiwa ni ushahidi kwamba modeli inalijua shamba la Shelui. Kabla ya kuiuliza juu ya mambo yasiyojulikana, iulizwe juu ya jambo ambalo chama tayari kinalijua. Mtaalamu apewe tarehe ya kupanda, mbegu na mvua ya msimu uliopita wa shamba fulani, lakini asiambiwe mavuno. Hesabu yake ilinganishwe na uzito uliopimwa kwenye mizani ya chama. Kompyuta ikisema magunia 12 na mizani ikasema 4, kuna kosa mahali: huenda kina cha udongo kimekadiriwa vibaya, au magugu hayakuhesabiwa, au ekari haikuwa ekari.

Juu ya hili la mwisho, makatibu wawe waangalifu. Desturi ya kupima ekari kwa hatua 70 kwa 70 ni nzuri, iwapo kila hatua ni karibu mita moja. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 atapima mraba wa mita 52 na nusu kila upande, ambao ni mita za mraba 2,756, wakati ekari kamili ni 4,047. Atakuwa amelima theluthi mbili ya ekari na kuandikisha ekari nzima, na mavuno yake kwa ekari yataonekana haba bila sababu. Kamba ya kupimia yenye alama ni ya bei nafuu, na huondoa kosa kubwa kuliko makosa mengi ya kompyuta.

KAZI YA CHAMA

Si lazima kila chama cha msingi kiwe na kompyuta ya kazi hii. Inatosha mtaalamu mmoja, kupitia chama kikuu, akishirikiana na afisa ugani wa kata na vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania: Hombolo kwa mtama, Ukiriguru kwa pamba, na Mlingano kwa udongo. Lakini habari zitakazoingizwa hazitoki Morogoro wala Dodoma. Zinatoka kwa katibu.

Ya kwanza ni mvua. Ziko kumbukumbu zilizokadiriwa kwa setilaiti na kurekebishwa kwa vipimo vya vituo vya ardhini, zinazoanzia mwaka 1981, nazo huigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilometa 5 hivi. Hizo zafaa kutoa ile miaka thelathini na zaidi. Hata hivyo hazioni vizuri mvua inayonyesha upande mmoja wa kijiji na kuuacha upande wa pili, jambo la kila msimu mahali palipo chini ya mteremko. Kitabu cha mvua cha Shelui, kikiwa na misimu michache tu iliyoandikwa kwa uaminifu, ndicho kitakachoonyesha kama setilaiti inazidisha au inapunguza.

Chombo cha kupimia mvua kikikosekana, kopo lenye kuta zilizonyooka na mdomo wenye upana sawa na kitako latosha kwa kuanzia. Lisimamishwe mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba, lisiloweza kuangushwa na mbuzi. Maji yaliyomo yapimwe kwa rula ya milimita kila siku saa tatu asubuhi, yaandikwe, kisha yamwagwe. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Nafasi iliyoachwa tupu haimwambii mtu yeyote kama mvua haikunyesha au mwandishi alikuwa safarini.

Ya pili ni udongo. Lichimbwe shimo moja katika kila namna ya udongo iliyo katika eneo la chama, lenye kina cha mita moja na nusu au mpaka jembe linapogota kwenye mwamba. Iandikwe rangi ya kila tabaka na kina chake, mahali kokoto zinapoanza, mahali penye ugumu, na mahali mizizi ya mtama inapokomea. Kina cha mizizi ni habari ambayo hakuna setilaiti iliyo nayo, na katika ardhi ya itogolo ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Ya tatu ni daftari la mashamba machache, matano au sita, yaliyopimwa kwa kamba: tarehe ya kupanda na ya kurudia kupanda, jina la mbegu, idadi ya palizi, tarehe ya kutoa masuke, na uzito wa mavuno. Katika mawili kati ya hayo ipandwe mikunde kwenye nusu ya shamba na nusu ya pili iachwe kama kawaida, ili pawe na kitu cha kulinganishia. Mbegu za nusu ekari mbili tatu hazihitaji mkopo. Kopo la mvua lisimamishwe Oktoba, kabla ya matone ya kwanza, na nakala ya kitabu ipelekwe chama kikuu kila mwisho wa mwezi.